Naomba Chai: Adabu ya Kuagiza kwa Simu

Mwaka 1994, wahandisi wa kampuni ya Denso nchini Japani walibuni msimbo wa QR ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Leo mraba huo umebandikwa juu ya meza za mikahawa ya London: mgeni huuelekezea simu, hugusa jina la chakula, hulipa, kisha husubiri. Janga la UVIKO-19 ndilo lililoufanya utaratibu huu uzoeleke Uingereza, kwa hoja ya kupunguza ukaribu wa watu. Hofu ya maradhi imepungua, lakini ukaribu haukurudi wote.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Aghalabu hatumwambii mhudumu "nataka chai". Twasema "naomba chai", ingawa fedha tunazo na bei imeandikwa ukutani. Kwa nini anayelipa aombe? Kwa sababu fedha hununua chai, hazimnunui anayeileta. Neno hilo linakiri kwamba mbele yetu yupo mtu mwenye hiari, awezaye kuchoka, kukataa, au kutunong'oneza kwamba samaki wa leo si mzuri. Simu haina mahali pa kuomba. Huipokea haja yetu na kuipeleka jikoni ikiwa amri tupu.

Hata hivyo, tusiharakishe kulaumu. Yuko kiziwi aliyepunguziwa dhiki ya kutoeleweka. Yuko mhamiaji ambaye lafudhi yake imechekwa mara nyingi, na sasa anaagiza bila kukunjiwa uso. Adabu ya ana kwa ana haikuwafikia watu wote kwa usawa, na pengine wanaoililia zaidi ni wale walioifaidi. Lakini yuko pia mzee asiye na simu janja, ambaye akiinua mkono huoneshwa mraba.

Kwa hiyo, kipimo changu ni hiari. Mkahawa unaoacha njia zote mbili wazi humheshimu kiziwi, mhamiaji na mzee. Unaoacha moja tu umekwisha kuamua nani ni mgeni wake. Nasi tunaoagiza kwa simu hatujavuliwa wajibu. Chakula bado huletwa na mtu aliyesimama kutwa nzima. Ikiwa hatukumwomba, basi afikapo na sahani tuinue macho, tumsalimu, na tumshukuru kwa sauti.