Anayelishwa, anaruhusiwa kuchagua?

Mwaka jana nilimpa mzee mmoja zawadi, akaikataa. Nilikasirika siku tatu nzima. Haya ninayoandika yametoka kwenye hasira ile.

Mzee anakaa Bwera, si mbali na barabara ya Mpondwe, kwa jamaa za mke wake. Walitoka upande wa Butembo, safari nyingine kwa lori, nyingine kwa miguu. Kule aliacha sanduku la santuri zaidi ya arobaini, akabeba tatu tu. Yeye haziiti santuri, anasema diski. Moja ni ndogo, ya mizunguko 45: "Indépendance Cha Cha", ambayo Grand Kallé na African Jazz walirekodi Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wetu walikuwa huko kwenye Meza ya Duara wakidai uhuru. Ya pili ni ya Tabu Ley na Mbilia Bel. Ya tatu ni "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Mashine ya kuzipigia hana. Kila Jumapili anazifunga kwenye kitenge, anazipeleka kwa fundi wa redio karibu na stendi, mwenye mashine moja ya zamani. Betri ya sola ikiwa na moto, anasikiliza. Ikiwa haina, anarudi nazo.

Basi nikamhurumia. Nilipoenda Kasese mjini kwenye mkutano wa vijana, nilinunua memori kadi nikajaza nyimbo mia tatu za rumba, "Mario" ikiwemo, safi kabisa. Shilingi elfu kumi na tano, na kwa malipo yangu hiyo si pesa ndogo. Mzee alisikiliza "Mario" mpaka katikati, akanirudishia simu.

"Aksanti, mutoto wangu. Lakini hii haiko yangu. Yangu iko inaruka."

Kweli inaruka. Kuna mahali sindano inapiga hatua, maneno mawili yanapotea. Mdogo wake alikuwa anacheza dansi nyumbani siku ya Krismasi, akagonga meza. Mdogo wake huyo hayuko tena. Mzee anapokaa kwa fundi, anangoja pale pa kuruka.

Mimi nilifikiri jinsi wengi wetu tunaohudumia watu tunavyofikiri: aliyekimbia hachagui. Si mnajua mambo ya foleni. Unapewa unga wa mahindi, unasema asante. Ukiuliza kama kuna wa muhogo, maana kwenu mmezoea bundu, mtu anakuangalia kama umemtukana mama yake. Kwa hiyo swali langu likawa hili: mtu anayeishi kwa mkono wa mwingine, ana haki ya kupenda kimoja kuliko kingine? Au hayo ni majivuno tu?

Nilifanya jaribio na kikundi changu cha vijana. Niliwapigia "Marie-Louise" ya Wendo mara mbili kwenye spika. Kwanza ile ya mwaka 1948, gitaa la Henri Bowane, Wendo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Halafu ile aliyorekodi tena uzeeni, miaka ya 1990. Wimbo ni mmoja na mwimbaji ni mmoja. Nikauliza ipi nzuri. Wakabishana karibu saa moja, vijana ambao kwa kawaida nikiuliza kitu wanaangalia chini. Msichana mmoja akasema, "Huyu wa kwanza anamuomba huyo Marie-Louise. Huyu wa pili anamkumbuka." Alimchagua wa pili. Mwenzake akamwambia kuombwa ni bora kuliko kukumbukwa. Hakuna aliyeshinda, lakini siku hiyo nilijua tabia ya kila mmoja kuliko miezi sita ya kujaza fomu.

Hapo hasira yangu ikaanza kupoa. Nilikuwa nimechanganya kuchagua na tamaa. Mwenye tamaa anasema niongeze. Anayechagua anasema nipe hiki, hata kama ni kidogo, hata kama kina kasoro. Mzee alirudisha nyimbo mia tatu akabaki na diski tatu. Hiyo ni tamaa gani?

Na tazameni ni wimbo gani anaupenda. Mario ni kijana msomi, ana diploma zake, lakini anaishi kwa mama mwenye pesa aliyemzidi umri, anakula na kuvaa vya huyo mama, mpaka mama mwenyewe anachoka naye. Mzee anacheka akisema, "Leo njo siye ba Mario." Anacheka, lakini mimi sikucheka. Nafikiri anajua hatari yake. Anayelishwa muda mrefu anaweza kusahau ulimi wake unapenda nini, na akishasahau, utampa chochote na yeye hatakuwa na la kusema. Mzee anashika ile diski ili asifike hapo.

Ningeishia hapa, mzee angekuwa shujaa na mimi ningekuwa nimejifunza. Lakini kuna mama, mke wake. Siku walipokimbia, mikono ilikuwa michache. Mzee alibeba diski, sufuria kubwa ikabaki. Miezi minne mama alipika kwa sufuria ya kuazima, na yeye ndiye aliyekuwa anaenda kuiomba kila jioni. Kwa hiyo haki ya kuchagua ninaikubali, lakini bei ya kuchagua iko, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyechagua. Sisi wa misaada tunachagulia watu, wao wanalipa. Mzee naye alichagulia nyumba yake. Tofauti yetu na yeye si kubwa kama nilivyotaka.

Nilimuuliza mama wiki iliyopita, akiwa anamenya muhogo. Kama ingekuwa ni wewe, mama, ungebeba nini?

"Sufuria," akasema bila kufikiri.

Na kati ya zile diski tatu?

Alinyamaza muda. Aliweka kisu chini. "Ile ya Mbilia Bel," akasema. "Lakini hakuna mutu alishaka niuliza."

Jumapili tulienda wote watatu kwa fundi. Betri ilikuwa na moto. Nilimwomba mzee, kwa heshima, tuanze na ile ya mama.