Ndugu Akikuletea Fomu ya Mkopo

Somo: Mithali 6:1-5, Mwanzo 42:37 na 43:8-9, Filemoni 17-19



Swali la wiki hii lilitoka katika ushirika wa Jumatano, na tuliachana kabla halijakwisha kwa sababu watu walikuwa na magari ya kupanda. Dada mmoja aliuliza hivi: ndugu wa kanisani akiniletea fomu ya mkopo wa Sacco nimdhamini, nami nikatae, je, nimetenda dhambi? Wengine walicheka. Mimi niliwaangalia wale ambao hawakucheka.

Wacha tuanze na hesabu, maana wengi wetu huweka sahihi kwanza halafu ndiyo tunauliza. Katika Sacco nyingi hapa kwetu, mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya shilingi 100,000 anaweza kupewa 300,000. Sasa jiulize, ile 200,000 ya juu inalindwa na nini? Si na tabasamu lake. Inalindwa na akiba ya wadhamini. Mkiwa wanne na mmegawana sawa, 50,000 yako imeshikwa pale, na jamaa akiacha kulipa, hiyo ndiyo itakayoguswa. Watu husema, "Aa, ni sahihi tu." Hapana. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi ndipo uweze kushtakiwa kwayo. Ile fomu ndiyo maandishi yenyewe. Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na karatasi fupi iliyo nzito kama hiyo sijaiona.

Mithali haizunguki. Sura ya 6 inamwambia aliyekwisha jifunga kwa ajili ya jirani yake asilale, aende akajinyenyekeze na kusihi mpaka ajiponye, kama paa anavyomtoroka mwindaji. Sura ya 17 inasema anayefanya hivyo hana akili. Sura ya 22 inauliza kwa nini kitanda kiondolewe chini yako wakati huna cha kulipa. Kitanda, wapendwa! Wale ambao dalali amewahi kufika kwao wanajua kwamba Sulemani hakuwa anatia chumvi.

Ndugu mmoja akasema pale Jumatano, "Basi imekwisha, Biblia imekataza." Ningefurahi ingekuwa rahisi hivyo. Lakini Biblia hiyo hiyo ina Yuda aliyemdhamini Benyamini, ina Paulo aliyemdhamini Onesimo, na Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano. Kama kudhamini ni ujinga kila mara, basi hata wokovu wetu tutauweka wapi?

Hebu tukae kidogo na wana wa Yakobo, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo tukisoma mbio linatupita. Njaa imebana Kanaani, nafaka iko Misri, na Simeoni amezuiliwa huko mpaka Benyamini aletwe. Yakobo anakataa kumwachilia kijana. Reubeni, mzaliwa wa kwanza, anajitokeza na dhamana yake: nisipomrudisha, waue wanangu wawili. Ona alichoweka rehani. Watoto! Shingo yake mwenyewe haimo. Halafu babu atapata faida gani akiua wajukuu wake? Yakobo akakataa.

Baadaye, nafaka ilipokwisha, Yuda akaja na maneno tofauti kabisa. Alisema kijana adaiwe mkononi mwake yeye, na asiporudi, lawama ni yake siku zote. Mzee akakubali. Na ukifika sura ya 44, kikombe kinapopatikana kwenye gunia la Benyamini, siku ya kulipa imefika kweli. Yuda hakuzima simu. Alimsogelea yule mkuu wa Misri akaomba yeye abaki mtumwa na kijana aende nyumbani.

Leo Reubeni yuko kwetu. Ni yule mume anayedhamini kwa siri akiba ambayo mkewe anajua ni karo ya watoto. Akiambiwa, anasema alikuwa anamsaidia ndugu katika Bwana. Lakini amesaidia na cha nani? Mama anayeweka rehani pesa ya chama cha wenzake ni vivyo hivyo. Kama ni ukarimu, uanzie kwa kilicho chako, na wa nyumbani mwako wajue.

Paulo naye alikuwa mzee, tena gerezani, alipomwandikia Filemoni. Hakumwambia, "Mungu atafungua njia." Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, yeye atalipa. Na alimjua mtu anayemsimamia; anamwita mwanawe aliyemzaa katika vifungo.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kudhamini si dhambi, na kukataa si dhambi. Mithali inamlenga zaidi anayejifunga kwa mtu asiyemjua, kwa haraka, kwa kitu asicho nacho. Yuda na Paulo walimjua mtu, walijua gharama, na walikuwa tayari kuibeba. Kabla hujashika kalamu, jiulize: nikilipa hii yote peke yangu, nitaweza kukaa naye kwenye Meza ya Bwana bila kinyongo? Kama jibu ni hapana, mwambie hapana leo, kwa upole, umwangalie usoni. Unaweza kumwambia, "Ndugu yangu, 50,000 siwezi kuidhamini, lakini chukua hii 3,000, na usinirudishie." Huo si ubahili.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wahubiri wanaosema usidhamini mtu kamwe. Sacco yenyewe inasimama juu ya wadhamini. Mwenye hati ya shamba anaweza kuipeleka benki. Yule mama wa mboga asiye na hati ana nini? Ana watu. Sisi sote tukijifanya wenye hekima, huyo ataishia kwa mikopo ya simu, au kwa shailoki atakayekuja kubeba friji. Kumbukumbu la Torati 15 inatuambia tusimfumbie mkono ndugu maskini. Kwa hivyo hekima isiwe jina zuri tu la kujificha. Kuna fomu ambazo unapaswa kuzitia sahihi, na ikuume kidogo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana mahubiri mengi humpiga mdhamini na kumwacha mkopaji akisema amina. Zaburi 37:21 inamwita mtu anayekopa na halipi jina ambalo hakuna mtu angependa liitwe mbele ya kanisa. Namfahamu mama mmoja, mwalimu mstaafu, si wa ushirika huu. Akiba yake ya miaka mingi ilikwama kwa sababu watu wawili aliowadhamini waliacha kulipa. Mmoja wao walikuwa wakiimba kwaya pamoja. Sasa amehamia kanisa lingine, na huko bado anaimba. Mama aliponieleza, hakukaa sana kwa habari ya pesa. Alisema kinachomuuma ni kwamba akimpigia, simu inakatwa.

Ndugu mkopaji, kazi ikipotea, mdhamini wako awe wa kwanza kujua, wala asisikie kutoka kwa karani. Lipa hata 500 kwa mwezi, aone. Na tafadhali, acha kumwambia mtu eti Roho amekuonyesha jina lake kwenye fomu. Ukifanya hivyo, umelitaja jina la Bwana ili mwenzako ashindwe kukataa.

Na wewe ambaye sahihi yako iko tayari kwenye fomu na usingizi umepotea, Mithali 6 iliandikwa kwa ajili yako. Haisemi uombe na ungoje. Inasema uende. Jumatatu asubuhi pitia ofisi ya Sacco yako na kitambulisho, uombe orodha ya wote uliowadhamini na salio la kila mmoja. Kisha umtafute mwenyewe, mketi. Mkihitaji mtu wa tatu wa kuketi nanyi, wazee wa kanisa wapo baada ya ibada ya pili, nami pia nitakuwepo.