Masika Yakibisha Hodi

Usingoje mvua za Machi zikolee ndipo uanze kutafuta jembe. Tifua bustani sasa, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha inua matuta ili maji yasituame. Ukisia mchicha leo, baada ya wiki 3 au 4 utachuma mboga. Miche ya biringanya na sukuma wiki ihamishe jioni, jua likishapoa, isije ikanyauka.

Kazi hii ina raha yake: harufu ya udongo uliolowa alfajiri, na watoto kuchutama wakitazama kunde ikipasua ardhi, imebeba nusu mbili za mbegu yake kichwani. Mwenye ua, na hata mwenye ndoo kuukuu tu, apande wiki hii.