Sikio Halipiti Kichwa

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Wengi wetu tumeugeuza msemo huo kuwa fimbo ya kumnyamazishia mtoto: wewe mdogo, usinipite mimi mkubwa. Lakini ukiwasikiliza watu wa urubani utaona una maana nyingine, tena ya kufa na kupona. Angani sikio hujaribu kukipita kichwa kila siku, na siku likifaulu, rubani huzikwa.

Ndani kabisa ya sikio mna vifereji vitatu vyembamba vyenye majimaji. Ndivyo vinavyotuambia tunapogeuka na tunapotulia. Kwa mtu anayetoka Manika kwenda Dilala kwa miguu, hapa kwetu Kolwezi, vinatosha. Aliyeviumba aliviumba kwa ajili ya watembeao. Rubani akiingia katika wingu zito la mvua za Januari, haoni mbingu wala ardhi. Hapo sikio huanza kumdanganya, na humdanganya kwa sauti ileile ambayo jana ilimwambia kweli.

Katika mafunzo ya marubani wa kijeshi kuna kiti kinachozunguka. Kijana hukalishwa, hufungwa kitambaa machoni, kisha huambiwa aelekeze kidole gumba upande anakozungushwa. Kiti kikianza kwenda kulia, gumba huelekea kulia. Mwendo ukibaki uleule, baada ya muda mfupi gumba husimama wima: kijana yuko tayari kuapa kwamba kiti kimetulia, na huku wenzake wanamwona anazunguka kama pia. Mwalimu akipunguza mwendo, gumba hugeukia kushoto. Kiti hakijaenda kushoto hata mara moja. Kitambaa kikifunguliwa, darasa lote hucheka, na anayecheka zaidi ni yule ambaye zamu yake haijafika.

Dawa ya uongo huo ni kipimo kilicho mbele ya rubani, kile kinachoitwa upeo bandia, kinachomwonyesha kama mabawa yamelala sawa au yameinama. Mwili mzima humpigia kelele kwamba kipimo kimeharibika. Aliyefundishwa vizuri hukitazama, akakilinganisha na vipimo vya jirani, akavitii. Kipimo hakina usingizi wala kiburi. Kukitii ni kukubali kuambiwa, na kukubali kuambiwa ni kazi ngumu kuliko kuinua ndege.

Mwili wa rubani wa vita hubeba mengine pia. Akikata kona kali, uzito wake waweza kuongezeka mara tano: mtu wa kilo 70 hujikuta ana kilo 350, na damu huteremka miguuni. Kwanza rangi hufifia machoni, kisha upeo wa macho hubana kama wa mtu anayechungulia kupitia bomba, kisha huingia giza, naye bado anasikia. Asipokaza mapaja na tumbo na kuvuta pumzi kwa vipande vifupi, huzimia akiwa ameshika usukani. Hata mafua si jambo dogo kwake. Mama anayeuza samaki sokoni angejifuta kwa leso akaendelea na biashara. Rubani mwenye mafua hubaki chini, kwa sababu njia ya hewa kati ya koo na sikio ikiziba, ndege ikishuka ngoma ya sikio yaweza kupasuka. Kwa hiyo kila anayevaa beji ya mabawa hurudi kwa daktari mara kwa mara, naye hurudi na hofu: neno moja la daktari laweza kuifunga kazi ya miaka 15. Wapo wanaoshawishika kuficha ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini adui mkubwa wa aliye juu hana maumivu. Kolwezi yenyewe imekaa zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka pwani akipanda ngazi kidogo tu huhema. Akivuka mita 3,000 hivi, rubani wa kijeshi huhitaji barakoa ya oksijeni. Kwenye mita 7,500 bila barakoa, akili timamu hudumu dakika tatu hadi tano. Ili wasadiki, wanafunzi huingizwa katika chumba cha chuma ambamo hewa hupunguzwa, wakapewa penseli waandike majina yao. Mstari wa kwanza huwa safi. Mistari michache baadaye herufi zimelala, na mwisho karatasi ni nyayo za kuku. Mwandishi mwenyewe anatabasamu. Anajiona hajawahi kuwa hodari kama leo. Anayeujua ukweli ni mwenzake aliyeketi kando na barakoa usoni, naye ndiye anayemvalisha ya kwake.

Hapo ndipo fundisho langu lilipo. Kukosa hewa hakumpigii mtu hodi. Humjia kwa jina la furaha.

Wazee wa mkoa wetu wa Lualaba hawakuruka, lakini waliyajua haya kupitia moto. Kabla ya kampuni na mitambo, mafundi wa Kisanga na Kiyeke waliyeyusha shaba katika vinu vya udongo wa kichuguu, wakipuliza kwa viriba vya ngozi, na shaba ikamiminwa kuwa misalaba iliyosafiri mbali kama fedha. Kazi ilikuwa ya msimu, baada ya mavuno, na ilikuwa na miiko yake. Kijana mwenye mabega mapana hakuwa mkuu wa kinu kwa sababu ya mabega. Alipuliza, akachoma vidole, akasubiri hadi jicho lake liweze kuusoma moto. Nguvu iliwekwa chini ya neno la aliyeona mengi. Walichokijenga wazee kwa miiko, majeshi ya anga hukijenga leo kwa kanuni.

Mji wetu umewahi kuona nguvu ya angani isiyokuwa na wa kuiambia neno. Katanga ya Moïse Tshombe ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, ilijipatia ndege chache za Fouga Magister zilizotengenezwa Ufaransa, na marubani wa kukodiwa kutoka Ulaya. Zilikuwa ndege za kufundishia, zenye mkia wa umbo la V, zikafungwa silaha. Septemba 1961 iliyokuwa ikiruka ni moja tu, nayo ilitumia uwanja wa Kolwezi. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya vita hata moja nchini, kwa hiyo Fouga hiyo moja iliwanyima usingizi maelfu ya askari wake. Iliwashambulia askari wake wa Ireland kama 150 waliozingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, hadi walipoishiwa maji na risasi wakajisalimisha.

Aliye juu, mngoje chini. Kabla mwaka haujaisha, Ethiopia ilikuwa imeuletea Umoja wa Mataifa ndege zake za Sabre, India za Canberra, na Sweden za Tunnan. Mwisho wa Desemba 1962 Waswidi waliupiga uwanja wa Kengere, hapa hapa Kolwezi, na sehemu kubwa ya jeshi la anga la Katanga ikateketea ikiwa imeegeshwa. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini. Mei 1978 jambo hilo lilijirudia: waasi waliotokea Angola waliuteka mji tarehe 13, wakaharibu ndege za jeshi la Zaire uwanjani kabla hazijapaa. Mwenye mabawa huuawa kiotani.

Kuna mkasa mmoja wa siku zile za Katanga ambao sikio bado linapigana na kichwa juu yake. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola alikokuwa akienda kuzungumza na Tshombe kuhusu kusitisha vita. Wote 16 walikufa, mmoja wao baada ya siku kadhaa hospitalini. Kuna waliosema rubani alikosea, kuna walioinyooshea kidole Fouga ya Kolwezi, na kila kijiwe kilikuwa na hadithi yake. Umoja wa Mataifa ulipoifungua upya kesi hiyo, ulimkabidhi Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu. Tangu 2015 jaji huyo amefanya kile afanyacho rubani ndani ya wingu. Alisikia mengi, hakuyatupa, lakini hakuhukumu kwa sikio. Aliyaomba mataifa yafungue kabati zao za siri, na yale ambayo hayajathibitika aliyaita hayajathibitika. Wengi wangechoka wakachagua hadithi inayowapendeza.

Marubani wa kijeshi wana desturi nyingine ambayo ningependa iibwe na kila ofisi ya Lualaba. Wakitua, hukaa pamoja, na cheo huachwa mlangoni. Kila mmoja hutaja kosa lake mwenyewe kabla ya kutaja la mwenziwe, na luteni ana haki ya kumwambia kanali: ulichelewa kugeuka, ulituhatarisha. Hakuna anayetukanwa na hakuna anayesifiwa bure. Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa jina la baraza.

Sasa tazama mjini kwetu. Dereva wa lori la shaba hutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, usiku wa pili hajalala, na ukimuuliza anasema yuko sawa. Mchimbaji huteremka katika shimo refu ambamo hewa ni haba, na hana wa kumpima pumzi. Kijana aliyeuza kobalti vizuri mwezi mmoja hununua marafiki kumi wa kumwimbia. Mkubwa aliyepewa kiti huanza kuwaondoa mmoja mmoja wanaomwambia kweli, hadi wanabaki wapiga makofi. Wote hao wana tabasamu la yule mwandishi ndani ya chumba cha chuma. Nyani haoni kundule, na aliye juu huliona kidogo zaidi.

Mdogo wangu unayeota mabawa, nenda. Soma hesabu zako, linda macho na masikio yako, lala mapema, na usimwongopee daktari. Na wewe ambaye hutaruka kamwe, lakini umepanda cheo, au mali, au umri, tafuta leo mtu mmoja asiyekuogopa. Mpe ruhusa mbele ya mashahidi akukatize unapozungumza. Siku atakapokuambia umekosa hewa, utamwona mjinga na utajiona mzima. Mtii kwanza, ukasirike baadaye.