Futi Tano za Mgeni

Mteja aliniandikia saa tano usiku. Maneno 1,500, siku tatu, mada: urefu wa deki na mpangilio wa ndani wa mashua nyembamba ya kuishi, zile za mifereji ya Uingereza. Chini akaongeza, "Andika kama mtu anayeishi ndani." Mimi naishi Nairobi, ghorofa ya nne, chumba cha futi kumi kwa kumi. Mfereji pekee ninaoujua unapita nyuma ya ploti yetu, na ukipita karibu unaziba pua.

Nikakubali. Kodi ilikuwa inafika tarehe tano.

Siku ya kwanza nilisoma tu. Upana wa mashua hizi hauna mjadala, ni futi 6 na inchi 10 hivi, kwa sababu loki nyingi za katikati ya Uingereza zilijengwa karne ya 18 zikiwa na upana wa futi 7. Loki ni chumba cha maji chenye malango huku na huku, kinachoipandisha mashua au kuishusha. Aliyechora loki zile miaka hiyo alikuwa anawaza makaa ya mawe na vyombo vya udongo, na mpaka leo ndiye anayeamua kitanda chako kitakuwa na upana gani. Unachochagua wewe ni urefu. Wengi hukomea futi 57, maana kuna mifereji ya kaskazini, kama Calder na Hebble, yenye loki fupi. Ukijenga futi 70 unapata sebule nzuri, lakini kuna njia utafungiwa.

Halafu ndani ya huo urefu unagawa. Kila futi unayoipa deki umeinyang'anya nyumba. Kwenye tezi, yaani nyuma, kuna aina tatu. Tredi ina kideki kidogo cha futi mbili tatu: nahodha anasimama kwenye uwazi wa mlango, miguu ndani kwenye joto, kichwa nje kwenye mvua, mkono kwenye kana. Ni nafasi ya mtu mmoja. Wa pili akisimama hapo nje, kana ikizunguka inaweza kumtupa majini. Kruza ina deki wazi ya futi nane hivi, injini iko chini ya mbao, na watu wanne wanaweza kusimama na vikombe vya chai wakipiga stori na nahodha. Ya tatu ni semi-tredi. Hiyo mbavu zinaendelea mpaka nyuma kama tredi, ila paa limekatwa, na ndani kuna masanduku ya kukalia. Kwa mbali inaonekana tredi. Sijui kwa nini iliniudhi, pengine kwa sababu nawajua watu wa namna hiyo.

Nikapiga hesabu. Kutoka tredi hadi kruza ni futi tano. Upana wa ndani ukiwa futi sita, hizo ni futi za mraba 30, karibu theluthi ya chumba changu. Zote za mgeni ambaye labda atakuja Agosti, jua likiwaka, na Januari hutamwona. Swali ambalo mteja hakulitaka ndilo likaning'ang'ania: nyumba unaijenga kwa ajili ya siku za wageni, au kwa ajili ya siku zile nyingi ambazo uko peke yako na stovu?

Jibu la haraka ni kwamba nyumba ni yako, jipe nafasi. Watu wa tredi wanasema hivyo, na wana hoja. Ukiwa huna maegesho ya kudumu, sheria ya 1995 haikuruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, kwa hivyo majirani wanabadilika na marafiki wanachoka kukutafuta. Deki kubwa itabaki ikikusanya maji. Na wale wa zamani waliofanya kazi kwenye mifereji waliishi familia nzima, watoto juu ya watoto, ndani ya kibanda cha futi kumi au pungufu, nafasi nyingine yote ikiwa ya mzigo. Hali ilikuwa mbaya hadi 1877 ikatungwa sheria ya kusema kibanda kilale watu wangapi. Kwa hao, kuzungumzia futi tano za kupumzikia kungekuwa kama matusi.

Lakini nilipokuwa naandika aya hiyo nilimkumbuka mamangu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikahamia hapa. Pesa za kwanza za kuandika nilinunua meza, kiti kimoja, na kitanda. Nilijiambia ni kazi kwanza. Mama alikuja bila kuniambia, amebeba ndizi na maziwa kwenye chupa ya soda. Kiti kilikuwa na laputopu na nyaya. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba mapajani, magoti yanagusa meza. Nikawasha meko nikapika chai. Tuliongea kuhusu ng'ombe, kuhusu bei ya mbolea. Lile alilokuja kuniuliza hakuliuliza. Kuna maneno ambayo huwezi kumwambia mtu mkiwa mmekaa kwenye kitanda chake, hata kama ni mtoto wako. Saa nane akasema basi litamwacha.

Watu wa Lamu na Mombasa walilijua hili zamani, ndiyo maana nyumba zao zina baraza: mgeni anakaa, anaongea, hajaingia na hajafukuzwa. Deki kwa Kiswahili ni sitaha. Ondoa herufi moja inabaki staha. Najua ni bahati tu ya herufi, na sipendi waandishi wanaojenga falsafa juu ya bahati kama hiyo. Lakini usiku huo niliangalia neno hilo muda mrefu.

Makala ilitoka na jina si langu. Wiki mbili baadaye mteja akanitumia swali la msomaji nimjibu, kwa sauti ileile ya mwenye mashua. Alikuwa mama mmoja, mjane, anauza nyumba yake. Wanawe hawakutaka. Aliuliza: futi 57, tredi au kruza?

Hapo sasa. Maneno 1,500 hewani hayana mtu. Hili lilikuwa na mtu, na nyumba inauzwa.

Nilichukua chaki nikaenda kwenye korido ya ploti. Ina upana unaokaribiana, ila urefu hautoshi, nikachora vipande viwili. Watoto wa jirani wakapita juu ya mstari kama wanatembea kwenye kamba. Nilisimama kwenye tredi yangu, nikaona ninavyotosha mimi tu. Nikahamia kruza, watoto watatu wakaingia bila kukaribishwa.

Nikamwandikia mambo matatu. Kwamba wanawe wakija kwa hasira watahitaji mahali pa kusimama ambapo si chumbani kwake. Kwamba kama hawatakuja kabisa, tredi itampa joto, na hiyo pia si aibu. Na kwamba mimi sijawahi kukanyaga mashua, asiuze chochote kwa neno langu, akodi moja wiki nzima, mwezi wa baridi, kisha ndipo aamue.

Mteja alilifuta hilo la tatu. Alinilipa yote, kwa wakati. Nilimwomba anwani ya yule mama, hakujibu, na tangu hapo hajanipa kazi nyingine.

Mama anakuja Desemba, safari hii amesema mapema. Nimenunua viti viwili vya plastiki. Chumbani havitoshi, kwa hivyo niliviweka nje ya mlango kuona vinakaaje. Keateka ameshapita mara moja kuniambia korido ni ya kupita.