Mlo wa Safarini

Mtu alapo nyumbani kwake hula mbele ya mashahidi. Jamaa zake huiona sahani yake, huijua njaa yake, na hupima kwa jicho tu kama amezidisha au amepunguza. Akienda kazi ya mbali akalala hotelini, mashahidi hao wote hubaki nyuma. Mtumishi humletea aagizacho, kiwe cha kumfaa au cha kumdhuru, na humshukuru sawasawa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mgeni wa hotelini hapewi jembe hata akae mwezi. Basi mtu asiyetazamwa, ambaye chakula chake kimelipiwa na mwingine, ana wajibu gani juu ya tumbo lake?

Swali hili si la matajiri peke yao. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi nchini Kenya mwaka 2013, mji wa Kitui, na Wote ulio makao makuu ya Makueni, imepokea wageni wengi wa kazi: wakaguzi, mafundi wa maji, waganga, madereva, na walimu waendao kuwatazama wanafunzi wao wakifundisha. Aghalabu watu hawa husafiri na posho mfukoni.

Kosa la mlafi halihitaji maneno mengi. Hula nyama ya kuchoma na viazi vya kukaanga mchana na usiku kwa kuwa fedha si yake, kisha huvisindikiza kwa soda. Chupa ya soda ya mililita 500 yaweza kuwa na sukari ya gramu 50, yapata vijiko 12 vya chai. Sijamwona mama amtiliaye mwanawe sukari kiasi hicho katika kikombe kimoja.

Kosa la pili ni gumu zaidi. Yuko msafiri ambaye kwa siku tano hula chai na mandazi tu, ili posho isalie ikalipe karo ya watoto. Wengine humcheka, wengine humsifu. Mimi sithubutu kumcheka. Walakini, msomaji, posho haikutolewa kuwa zawadi. Ilitolewa ili mtu afike kazini na nguvu zake na akili zake. Fundi aliyetumwa kutengeneza pampu ya kisima katika kijiji kikavu cha Kitui, akishikwa na kizunguzungu cha njaa saa nane mchana, hakujinyima peke yake. Amewanyima na wale waliopanga madumu yao wakimngoja. Tumbo ni lake, lakini nguvu zitokazo humo zimekwisha kuahidiwa watu wengine. Atajibu kwamba mtoto wake naye ameahidiwa shule. Jibu hilo ni zito, wala sina la kulipangua lote. Nasema tu kwamba hakulazimika kuchagua baina ya nyama na mandazi.

Maana nchi hiyo kame, ambayo mvua zake huja mara mbili kwa mwaka na mara nyingi hupungua, imewafundisha wakulima wake kupanda vinavyostahimili: mbaazi, kunde, pojo, mtama na mawele. Muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa hata yakaacha maganda, yakapikwa kwa maharagwe au mbaazi, hushibisha kwa fedha kidogo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na katika msimu wa maembe Makueni shauri hilo ni jepesi mno. Taabu ni kwamba muthokoi huchemka kwa saa nyingi, na hoteli hupenda kiivacho upesi. Basi msafiri na amwambie mpishi asubuhi, jioni akikute. Tena kwa kusema hivyo amejipatia shahidi mpya: kesho mpishi atamwuliza kama kilimkolea.

Liko jambo jingine katika barabara ya Nairobi na Mombasa. Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Msafiri wa dini yoyote hupewa hapo chakula kisicho na nyama, na hata mahali pa kulala, pasipo malipo, wala haulizwi ana nini mfukoni. Tajiri na maskini kula pamoja ni desturi yao tangu zama za Guru Nanak, mwalimu wao wa kwanza. Je, mwenye posho naye aketi? Kwa wenyeji jibu ni ndiyo. Lakini akiondoka hivi hivi amelipiwa mlo mmoja mara mbili, na wenyeji na mwajiri, bila kuvunja sheria yoyote na bila mtu kujua. Mimi ningeketi, nikala dengu zao kwa furaha. Kisha, kabla ya kuvaa viatu vyangu mlangoni, ningetia katika sanduku la sadaka bei ya sahani moja ya hotelini.