Ahadi ya Mwenye Nguvu

Mtu asiye na silaha, aishiye jirani na mtu mwenye silaha, hulala kwa kutumaini mojawapo ya mambo mawili: tabia njema ya jirani yake, au nguvu ya sheria ya mji wao. Yakikosekana yote mawili, usingizi humpaa. Hali ya mataifa haina tofauti na hali ya mtu huyu. Nchi tisa duniani zina silaha za nyuklia. Nyingine zote, na yetu ikiwamo, hazina. Basi yatupasa tuulize: je, ahadi ya mwenye nguvu yatosha kuwa ngao ya mnyonge?

Itazame Ukraine. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, nchi hiyo ilibaki na akiba ya silaha za nyuklia iliyokuwa ya tatu kwa ukubwa duniani, ingawa amri ya kuzifyatua ilikuwa bado mikononi mwa Moscow. Tarehe 5 Desemba 1994, katika mji wa Budapest, Urusi, Uingereza na Marekani zilitia sahihi hati ya kuahidi kuiheshimu mipaka ya Ukraine na kutotumia nguvu dhidi yake. Ukraine nayo ilitimiza sehemu yake: kufikia mwaka 1996 silaha zote zilikuwa zimekwisha pelekwa Urusi. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Crimea, na Februari 2022 iliivamia nchi yote. Shauri lilipofika mbele ya Baraza la Usalama, Urusi ililizima kwa kura yake ya turufu. Mshitakiwa alikuwa amekaa katika kiti cha hakimu.

Hapana shaka yuko atakayesema kwamba Ukraine ilifanya ujinga, na kwamba kila nchi yenye akili haina budi kujitafutia bomu lake. Neno hili lina mvuto, lakini lipime. India ilijaribu bomu mwaka 1974. Pakistani haikutulia mpaka ipate lake, na Mei 1998 nchi zote mbili zilifanya majaribio. Mwaka uliofuata zilipigana huko Kargil. Ni ipi kati yao iliyoanza kulala vizuri zaidi? Bomu la mmoja huzaa hofu ya mwenzake, na hofu hiyo huzaa bomu la pili.

Tena, tusimvike aliyeamini hatia ya aliyevunja ahadi. Mtu akikopesha kwa wema kisha akadhulumiwa, aibu ni ya mdaiwa. Hata hivyo, wema haukatazi hadhari. Hati ya Budapest ilitaja mambo yasiyopasa kutendwa, lakini haikuweka adhabu kwa atakayeyatenda. Waliotia sahihi waliahidi kushauriana tu. Ahadi ni deni, na deni lisilo na wa kulidai husahauliwa upesi.

Nani basi atamdai mwenye nguvu? Ni wanyonge wenyewe, wakiwa pamoja. Afrika Kusini ilipata kuunda mabomu sita, ikayavunja kwa hiari yake. Mwaka 1996, mjini Cairo, nchi za Afrika zilitia sahihi Mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara letu lisiwe na silaha hizo, nao ukaanza kutumika mwaka 2009. Na tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 141, Kenya ikiwa mojawapo, zilipiga kura ya kulaani uvamizi wa Ukraine. Kura hizo hazikurudisha nyuma kifaru hata kimoja. Lakini ziliunyima uvamizi ule jina la haki, na hakuna sheria iliyopata kusimama pasipo watu wa kuita dhuluma kwa jina lake.

Msomaji kijana, huenda usikabidhiwe bomu maishani mwako, lakini utakabidhiwa nguvu: ya umri, ya cheo au ya mali. Siku hiyo utamwahidi mtu asiyeweza kukushurutisha. Ahadi unayompa mwenye uwezo wa kukuadhibu hulindwa na hofu yako. Ile unayompa mnyonge hailindwi na kitu ila utu wako. Itimize hiyo kwanza.